Kidude cha Jirani

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ambayo nimejaribu kuisahau miaka yote hii nikashindwa. Ilikuwa Jumanne, soko la Matinyani limetulia, na bibi mmoja mzee akaingia kibandani mwangu amebeba redio iliyofungwa kwa leso kama mtoto mgonjwa. Sikukusimulia habari hiyo jana ulipokuja. Ulikuwa na furaha, umefungua duka lako la vifaa vya stima huko Kwa Vonza, wanafunzi wanapanga foleni, na mimi sikutaka kuwa yule mjomba wa kununa penye sherehe.

Lakini uliniachia chaja moja ya simu mezani, zawadi. Mwende, nimeipima kwa kiganja, nyepesi kama ganda la njugu. Nikaifungua. Nisamehe, mikono ya fundi haitulii. Ndani pale panapotakiwa kuwa na koili ndogo na kapasita zake, huyo aliyeiunda ameziruka kwa waya mtupu. Najua utaniambia, mjomba, lakini si inachaji? Inachaji. Hata mashine yangu ya enzi hizo ilichaji. Ndiyo maana nimekuita tena leo, na kama una wateja wanaongoja, waache wangoje.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mwembamba, kichwa kimejaa. Ufundi wa redio niliupata Mwingi, kwenye kibanda kando ya barabara ya Garissa, nikitengeneza redio za madereva wa malori. Stima ilipofika Matinyani nikarudi nyumbani kufungua changu. Nyaya zilipita sokoni na kwa nyumba chache za karibu tu. Vijijini kulikuwa giza, na watu waliendesha televisheni zao kwa betri za gari. Betri ikiisha lazima ichajiwe, na mwenye mashine ya kuchaji nilikuwa mimi peke yangu.

Mashine yenyewe niliinunua ikiwa imeshatumika. Waya wa stima ulipoingia ndani yake, kitu cha kwanza ulichokutana nacho ni kijisanduku cha bati, kidogo kama kiberiti, chenye koili na kapasita. Mvua za Novemba zilipokuja radi ikapiga, kijisanduku kikaungua. Kila nikiwasha, fyuzi inakatika. Nikakikata nikakitupa, nikaunganisha waya kwa waya, nikazungushia utepe mweusi. Nikawasha. Mashine ikachaji betri nane kwa mpigo kama kawaida. Nikacheka peke yangu, nikasema kumbe hiki kilikuwa pambo tu! Jumapili nikasimama kanisani nikashuhudia jinsi Mungu alivyonipa maarifa. Usicheke. Walinipigia vigelegele.

Wiki ileile redio za sokoni zikaanza kunguruma. Siku hizo hatukuwa na stesheni za FM kila kona kama sasa. Matangazo ya Kikamba tuliyapata kwenye mawimbi ya kati, na mawimbi yale yalitufikia yamechoka. Stima ikichafuka kidogo, sauti inazama. Kinyozi jirani yangu alisema ni mawingu. Mwingine akasema ni satelaiti za wazungu. Mhubiri wetu akasema ni dalili za siku za mwisho. Na mimi, fundi, nikatikisa kichwa pamoja nao.

Je, nilijua? Hapo ndipo pananiuma. Siku ya kwanza sikujua. Siku ya tatu nilijua. Nilizima mashine nibadilishe betri, na redio ya kinyozi ikaongea safi. Nikawasha, ikanguruma. Nikazima tena kuhakikisha. Halafu nikawasha nikaendelea na kazi yangu, maana betri zilikuwa zimepangwa hadi mlangoni na wenyewe wangezijia asubuhi. Wazee husema mficha maradhi kilio humfichua. Mimi sikudhani kilio chenyewe kingekuwa cha mtu mwingine.

Sasa yule bibi. Jina lake Syombua, ingawa sote tulimwita mwaitu, kama tunavyomwita kila mama wa umri wake. Alikuwa mjane. Nyumba yake ilikuwa nguzo ya tatu kutoka kwangu, na mwanawe aliyefanya kazi Mombasa alikuwa amemvutia stima, balbu moja na soketi moja ya redio. Kwao alikozaliwa ni Kilungu, upande wa Makueni, na huko alikuwa amebaki na ndugu mmoja tu, Nzioka. Ndugu hao waligombana siku ya kumzika mama yao, wakarushiana maneno mbele ya kaburi kuhusu nani alimwacha mama akiugua peke yake. Miaka ikapita hawasemezani.

Kisha Nzioka akaugua. Akamtuma mama mmoja wa kanisa: mwambie dada yangu maneno yameisha. Na mwambie akisikia nimekufa asikose kuja kunitupia mchanga, maana akikosa watu watasema tumezikana na chuki. Mwaitu alijibu kwa mjumbe huyohuyo kwamba atakuja hata kwa kutambaa. Goti lake moja lilikuwa bovu, na Kilungu ni kubadilisha magari mara tatu, kwa hivyo akaamua kungoja mwanawe aje likizo ya Desemba ampeleke akamwone mgonjwa. Ila kama msiba ungetangulia, angeondoka siku hiyohiyo.

Na msiba alitegemea kuusikia redioni. Simu za mkononi zilikuwa za wachache. Mtu akifa, familia ilipeleka jina, na jioni baada ya taarifa ya habari mtangazaji akasoma: habari ziwafikie fulani wa fulani, popote walipo. Saa hiyo kila nyumba ilinyamaza. Hata mtoto mdogo alijua hapo haombi chai.

Redio zilipoanza kunguruma, mwaitu aligundua jambo ambalo wasomi wa soko lile hawakuligundua. Akitia betri kavu akateremka nayo hadi mtoni, mbali na nyaya, redio inaongea. Basi kila jioni ungemwona na fimbo yake, redio kwapani, anashuka. Anaketi kwenye mchanga kando ya visima tunavyochimba mtoni kuchota maji, anasikiliza majina ya waliokufa, halafu anapanda kilima kurudi. Kila jioni, mwanangu, na goti lile. Nami nilimwona kutoka dirishani.

Jumanne hiyo ndiyo aliyokuja kwangu.

“Fundi, goti limekataa,” aliniambia akiketi kwenye kreti. “Mtoni siwezi tena. Nitazamie hii redio vizuri. Nyumbani ni kunguruma tu, lakini mtoni inaongea kama mtu.”

“Mtoni inaongea?”

“Eeh. Hata mimi sielewi. Labda haipendi nyumba yangu.” Akacheka. Nikacheka naye, Mungu anisamehe.

Maneno yale yalikuwa majibu yote ambayo fundi angehitaji. Redio ilikuwa nzima. Lakini nilichukua bisibisi nikaifungua, nikapuliza vumbi, nikatoa kapasita isiyo na ugonjwa nikaweka nyingine, nikikunja uso kama daktari. Sasa sikiliza. Mwalimu wangu wa Mwingi alinifundisha kwamba redio haikabidhiwi mpaka mwenyewe aisikie ikiongea palepale mbele ya fundi. Ni desturi nzuri, hata wewe uifuate. Nami niliifuata. Nilinyoosha mkono nyuma ya meza, polepole asione, nikazima mashine ya kuchaji. Kisha nikawasha redio.

Kwaya ikaimba, safi kabisa. Mwaitu alipiga makofi.

“Sasa nitasikia nikiwa ndani kwangu?”

“Utasikia, mwaitu. Iko sawa kabisa.”

“Basi mtoni siendi tena.” Akanishika mikono yote miwili, mikono yake mikavu imejaa nyufa za jembe. “Mungu aibariki hii mikono.”

Hakuwa amefika hata nguzo ya pili nilipowasha mashine.

Utaniuliza, kwa nini usingezima tu saa ile ya matangazo? Ni nusu saa! Nimejiuliza hivyo mara ngapi, sijui. Wazo hilo lilinijia, sitadai kwamba halikunijia. Lakini ningezima kila jioni saa ileile, kinyozi angeuliza kwa nini, na jibu lingekuwa kukiri. Nilikuwa nimeshashuhudia kanisani, mwanangu. Niliona aibu yangu ni kubwa kuliko haja ya yule mama.

Nzioka alifariki Jumatano. Jina lilisomwa Alhamisi jioni, likasomwa tena Ijumaa jioni: habari zimfikie dada yake, Syombua wa Matinyani, Kitui. Mazishi Jumamosi. Nguzo ya tatu kutoka kwangu, mwaitu alikaa na redio mapajani jioni zote mbili, akiigonga, akizungusha kitufe cha stesheni, na haikutoa neno. Hakuenda kuwauliza watu wa ng'ambo ya mto ambao redio zao zilikuwa nzima. Kwa nini aende? Fundi alisema iko sawa, basi ubaya ulikuwa huko stesheni, kesho watatengeneza. Na wale wa ng'ambo waliosikia walidhani amesikia naye na yuko njiani.

Jumatatu mama mmoja muuza machungwa kutoka mji wa Wote, huko Makueni, alishusha mizigo yake sokoni. Mimi nilikuwa ng'ambo ya barabara nikiyeyusha risasi ya kuungia waya. Nikamsikia akisema, “Mwaitu, pole. Mbona hukuonekana Kilungu?”

“Kilungu kuna nini?”

Yule mama akaona amekosea njia ya kusema, na hapakuwa na njia nyingine. Mwaitu hakupiga mayowe. Aliketi chini mavumbini, miguu ameinyoosha mbele, akavua kitambaa chake cha kichwa. “Aiyaa, Nzioka,” akasema. “Aiyaa, Nzioka. Si nilikwambia nitakuja.” Alirudia hivyo mpaka watu wakamwinua. Risasi ilinichoma kidole, na sikusikia maumivu mpaka jioni.

Baadaye tulijua yaliyotokea Kilungu. Walimngoja. Jeneza lilikaa wazi, mhubiri akarudia maombi, jua likaanza kushuka. Mwishowe mwana wa marehemu akasema, zikeni, shangazi ametangaziwa siku mbili, kama ana kinyongo hata na maiti akae nacho. Mwaitu alikwenda wiki hiyo, amekodiwa gari, goti limevimba. Walimpa kiti nje ya boma. Hawakumpa hata maji ya kunywa, na kwetu ukinyimwa maji umefukuzwa. Alipoeleza habari ya redio, mpwa wake akamwuliza, “Yaani redio ya kila mtu iliongea isipokuwa yako?” Jibu lilikuwa kwangu, chini ya utepe mweusi.

Aliyenikamata ni mzee Kimanzi. Alikuwa amestaafu kazi ya kupanda nguzo na kuvuta nyaya, mtu wa maneno machache. Habari ya mwaitu ilimsumbua. Alichukua redio yake ndogo, akaanzia nyumbani kwa mwaitu, akatembea nguzo hadi nguzo akifuata mngurumo kama mtu anayefuata nyayo za ng'ombe aliyepotea. Ulipozidi, akazidi kusonga. Ulimfikisha mlangoni kwangu.

“Zima,” akasema, akinyoosha kidole kwa mashine.

Nikazima. Redio mkononi mwake ikaongea.

“Washa.” Ikanguruma. “Zima. Fungua.”

Nikafungua. Akainama, akagusa utepe kwa ncha ya kidole. “Hapa palikuwa na nini?”

“Kidude tu, mzee. Kiliungua. Mashine inafanya kazi bila hicho.”

“Kwako inafanya kazi.” Alijinyoosha akanitazama. “Kile kidude hakikuwekwa kwa ajili yako, kijana. Kiliwekwa kwa ajili ya jirani. Mashine kama hii inatema uchafu kurudi kwenye waya, na kile ndicho kilichokuwa kikiushika usitoke. Ama unadhani waya unaishia kwako? Mtoni si tunachota wote? Mtu akinyweshea punda ndani ya kisima cha watu, punda wake ameshiba na yeye anaona hakuna shida. Matope wanakunywa wengine.”

Akaniuliza swali moja tu. “Ulijua?”

Nilitazama chini.

“Basi utakwenda Kilungu ukaseme. Wewe mwenyewe, kwa mdomo wako. Yule mama hawatamwamini, lakini wewe fundi watakuamini.”

Nikasema ndiyo mzee. Wiki hiyo nilipanda basi kwenda Nairobi, nikatafuta kijisanduku kingine, nikakifunga. Mngurumo ukaisha siku hiyohiyo. Kinyozi akasema mawingu yameondoka. Na mimi nikajidanganya kwamba nimekwisha kutengeneza.

Kilungu nilisema nitakwenda mvua ikipungua. Mvua ikapungua, nikasema tuvune mbaazi kwanza. Tukavuna. Nikasema Pasaka. Kila asubuhi nilipita mbele ya mlango wa mwaitu, naye akaniamkua, “Fundi, umeamkaje?” Nikamjibu nimeamka vizuri. Mzee Kimanzi aliniuliza mara mbili kama nimekwenda. Mara ya tatu hakuuliza, na tangu hapo hakuniita tena kwa jina langu. Alipita tu.

Mwaitu Syombua alifariki mwezi wa Agosti. Nililisikia jina lake redioni jioni, limesomwa wazi, kila herufi: habari ziwafikie jamaa wa marehemu Nzioka wa Kilungu. Mazishini mwanawe aliwawekea viti vya mstari wa mbele. Hakuja mtu. Viti vile vilikaa vitupu kutwa nzima mbele ya macho yangu, na hakuna aliyethubutu kuvikalia.

Siku ya tatu mkwe wake akaja kibandani na redio, imefungwa kwa leso ileile. “Alisema tukupe wewe,” akaniambia. “Alisema sokoni kote ni wewe peke yako uliyejaribu kumsaidia.”

Nilifunga kibanda, mwanangu, nikalia kama mtoto.

Wiki iliyofuata ndipo nikaenda Kilungu. Umeona? Mguu uliokataa kwenda miezi tisa, sasa ulijua njia. Nilimkuta yule mpwa shambani, nikamweleza yote, kijisanduku, utepe, mkono nyuma ya meza. Sikuficha. Alisikiliza ameegemea jembe, hata mwisho. Kisha akaniashiria nisogee hadi langoni.

“Shangazi yangu aliketi hapa,” akasema. “Hapa unaposimama wewe. Fundi, ungesema akiwa hai.”

Hakunitukana. Alimtuma mkewe akaniletea maji, kikombe kimejaa. Sikuweza kuyanywa.

Mwende, kazi yako ni nzuri na siionei wivu. Lakini hizo chaja zirudishe ulikozitoa. Utaniambia siku hizi mawimbi ya kati ni ya wazee, watu wana simu. Kweli. Lakini kwenye nyaya hizohizo sasa kuna mashine za zahanati, kuna mita za tokeni, kuna intaneti ya mtoto anayefanya mtihani, kuna babu fulani na redio yake ambaye wewe humjui. Chaja moja ni kitu kidogo. Wewe umeleta katoni ngapi? Mimi nilimjua niliyemnyamazishia redio, aliketi mbele yangu akacheka. Wewe hutamjua wako.

Kila kifaa kina sehemu ambayo mwenyewe haoni faida yake. Ukiona sehemu hiyo, usikimbilie kusema ni pambo. Uliza kwanza ni nani aliyewekewa. Ukimjaribia mteja kitu, kijaribu na kila kitu kikiwa kimewashwa, kama kitakavyokuwa siku ile atakapokihitaji. Na ukikosa, maana utakosa, wewe ni mtu, nenda ukaseme wiki hiyohiyo. Usingoje mvua wala mavuno. Majuto ni mjukuu, na wangu huyu amekuwa mtu mzima nyumbani mwangu, ananiamsha kila siku.

Redio yenyewe ile pale juu ya kabati. Iwashe ukitaka. Haijawahi kuharibika hata siku moja.

Nipe mikono yako. Mwaitu aliibariki hii yangu akiwa hajui ilichokuwa imefanya nyuma ya meza, na baraka ile nimeibeba miaka yote kama kitu cha mtu nilichookota njiani. Leo naitoa. Mungu akulinde wewe na duka lako, akupe wateja wa kweli na majirani wa kukuombea. Mungu aibariki hii mikono, Mwende mwanangu, na wewe uistahili.